Kwa mguu peke yangu kutoka Bweni mpaka Ushongo, njia za mashambani sio barabarani, nani kashapita?

Begi_Mgongoni

Wakuu salaam. Naomba msaada wa wenyeji wa Pangani au yeyote aliyewahi kupita pande hizo. Mimi niko Tanga mjini, miaka 46, kazi yangu ya kukaa, nashinda kwenye kiti toka saa mbili mpaka saa kumi na moja, mgongo unalia na daktari kashanambia nitembee. Sasa kutembea kwa mjini nimechoka, kila asubuhi Raskazone mpaka Bombo na kurudi, nimefika hatua mbwa wa njia nzima nawajua kwa rangi na tabia.

Mwezi wa nane nina likizo ya wiki moja. Mke na watoto wanaenda kwao Lushoto, mimi nikasema safari hii niacheni. Mpango wangu ni huu, nipande gari asubuhi mpaka Pangani, nivuke na kivuko niangukie Bweni, halafu kuanzia hapo miguu yangu mpaka Ushongo, nilale, kesho nirudi. Kwa barabara naambiwa ni kama kilomita 15 au 16 hivi. Ila barabara siitaki, vumbi na malori. Nataka zile njia za ndani wanazopita watu wa mashamba, chini ya minazi, kwenye mikorosho, kwenye vichaka, nikiona kivuli nimekaa, nikisikia ndege nimesimama. Sishindani na mtu, hata ikila siku nzima sawa tu.

Sasa maswali yangu. Kwanza hizo njia zipo kweli au zimeshafungwa na mashamba ya watu na viwanja vya matajiri? Pili usalama kwa mtu mmoja, nasikia habari za nyoka, na nikizidi kwenda kusini nakuta hifadhi ya Saadani, sitaki nijikute nimeingia porini kwa serikali bila kibali. Tatu naweza kurudi kwa ufukweni? Na nne, hili ndo linanisumbua zaidi, mtu akinikuta nimekaa peke yangu chini ya mkorosho wa watu na begi mgongoni nitamwambia nini?

Boda_Bweni_Stendi

Kaka kutoka kivukoni mpaka Ushongo kwa pikipiki hata nusu saa nyingi. Unaenda kujitesa siku nzima ili iweje. Ukichoka katikati utanipigia simu na huko kuna sehemu netiweki inakata.

Begi_Mgongoni

Nimekuelewa ndugu lakini ningetaka kufika haraka nisingeandika uzi.

Binti_wa_Ng'ambo

Shikamoo kaka. Mimi ni mzaliwa wa huko, nimesomea ng'ambo ya Bweni, sasa hivi niko Dar ila kila mfungo nakwenda. Nikujibu kwa nilivyozijua hizo njia kwa miguu ya kitoto, sisi tulikuwa tunazipita tukienda kwa mashangazi.

Njia zipo tena nyingi mno, tatizo lako litakuwa kuchagua. Ukishuka kwenye kivuko utapanda kile kilima cha Bweni, usikimbilie kuchukua njia, simama kwanza juu pale ugeuke uangalie nyuma, mji mzima wa Pangani unauona umelala kando ya mto na mabati yake mekundu, na mdomo wa mto, unaona maji ya kahawia yanaingia kwenye bahari ya kijani. Hayo maji yameanzia Kilimanjaro na Meru, yamepita Nyumba ya Mungu, yamezungusha mitambo ya umeme kule Hale, ndo yanakuja kumalizikia hapo. Usishuke kunawa miguu mtoni, mamba wapo na sio hadithi ya kutishia watoto.

Toka hapo uliza njia ya Kikokwe halafu ya Mwera. Usiulize "njia ya Ushongo" maana kila mtu atakuonyesha barabara ya magari, kwao mgeni mwenye begi anaenda hotelini. Wewe uliza kijiji kimoja kimoja, ukifika unauliza kinachofuata, na useme kabisa "ile ya miguu". Utapita minazi ya zamani, mingine mirefu mpaka imepinda, chini yake watu wamelima mihogo na kunde. Katikati kuna vichaka vya mikoche, kina mama wanakata makuti machanga yake kupata miyaa ya kusukia mikeka na makapu. Mkonge utaukuta ukisogea pande za Mwera. Saadani usiwe na wasiwasi nayo, iko mbele huko, ukiishia Ushongo hujaigusa.

Kuhusu swali lako la nne, nimecheka kwasababu ndo lenyewe. Watu wa kwetu hawana ubaya na mgeni, ila watakuuliza unakwenda wapi, wote, mpaka mtoto wa miaka sita aliyebeba kuni. Ukisema "natembea tu" umeharibu. Kwetu kutembea ni kwenda kwa mtu. Ukisema nimekuja kutembea anakuuliza kwa nani? Ukisema sio kwa mtu, natembea tu, anaona unaficha. Na siku hizi kilichoharibu zaidi ni madalali wa viwanja, kila anayeonekana kazubaa kwenye shamba la pwani wanajua kaja kupima. Kwahiyo nakuomba kitu kimoja, usitembee na simu umeinyoosha mbele unaangalia ramani, hapo hata ukiapa utaonekana unapima ardhi. Simu mfukoni, fimbo mkononi, salamu mdomoni. Ukikuta nyumba imekaribiana na njia toa hodi hata kama hutaki kitu, sema napita. Kukaa chini ya mti wa mtu hakuna kosa, kosa ni kuchuma.

Mzee_Kifuu

Binti umesema vizuri sana. Naongezea, dafu usilichume hata kama mnazi ni mfupi na umeinama kama unakukaribisha. Muombe mwenyewe, atakuangushia na hela anaweza asitake, mpe tu. Na ujue unachoomba, nimeona vijana wa mjini wanasema "naomba nazi ya kunywa". Kitale bado hakina nyama, dafu ndo la kunywa, koroma limeshaanza kukomaa maji yake yamepungua utamu, nazi ni ya kukunia mboga. Ukisema nazi utapewa nazi utajijua mwenyewe.

Raba_Nyeupe

Hakuna aliyemtaja UPUPU??

Mkuu mwezi wa saba wa nane ndo unakuwa umekauka, yale maganda yana manyoya ya rangi ya dhahabu yanapendeza kwa macho, upepo ukipiga yanapeperuka, huhitaji hata kushika, unapita tu chini ya upepo imetosha. Mimi yalinikuta nimevaa kaptula, nilijikuna mpaka nikavua shati njiani, halafu nikafanya kosa la kwenda kujimwagia maji, ndo nikausambaza vizuri mwili mzima. Akatokea mama mmoja akaniambia acha maji we mtoto, akachukua majivu jikoni kwake akanipaka na kunisugua kwa juu juu manyoya yakatoka na majivu, ilichukua kama saa hivi nikapata akili. Vaa suruali ndefu nyepesi na shati la mikono mirefu, joto utalizoea.

Halafu nyoka. Wengi wanakimbia wakisikia kishindo chako isipokuwa kifutu, yule mnene mfupi, anajilaza njiani kwenye majani makavu na hakimbii hata kidogo, anangoja umkanyage. Kwahiyo macho chini unapotembea, ukitaka kuangalia ndege simama kwanza. Hii sio methali ni utaratibu. Ikitokea ajali usichanje na usifunge kamba, usimnyonye mtu sumu kama kwenye sinema, mguu utulizwe usitembelee uende hospitali, na kumbuka hospitali ya wilaya iko ng'ambo ya mto, kwahiyo namba ya huyo jamaa wa boda hapo juu ichukue hata kama mmekosana.

Boda_Bweni_Stendi

Hatujakosana. Nipo.

Mtoto_wa_Kambi

Naona wote mnaogopa kichaka. Mimi nawaambia kichaka hakipotezi mtu, kinachopoteza mtu ni mkonge. Nimezaliwa kambini, babu alikuja kutoka Kigoma enzi za manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge, akasema anakaa mkataba mmoja, mpaka leo tuko. Kichakani njia ni moja imechongwa na miguu ya watu, inajipinda inakuleta kwenye nyumba. Mkonge umepandwa kwa kamba, mistari imenyooka, barabara zimekatwa mraba mraba, ukifika njia panda kila upande unafanana na mwingine, hakuna mnazi wala mbuyu wa kukumbuka, na jua liko utosini kwasababu mkonge hauna kivuli hata cha kuku. Nimewahi kumtafuta mgeni masaa matatu, alikuwa anazunguka shamba moja tu.

Nikupe dawa yake. Mwezi wa nane ni upepo wa kusi, kuanzia kama saa nne unakuwa umeshaamka. Wewe unaelekea kusini, bahari iko kushoto kwako. Ukiwa umeshika njia sawa upepo unakupiga usoni ukilalia shavu la kushoto. Ukiona unakusukuma mgongoni geuka, unarudi Bweni. Na ukiwa na wasiwasi simama kimya, wimbi la mwamba linasikika mbali.

Miba ya ncha ya mkonge ni kama sindano ya kushonea magunia, usikate mstari kwa mstari, kaa kwenye barabara ya shamba. Ukikutana na wakataji wasalimie usipite kimya, wameanza kazi usiku bado wako na mafungu ya kumaliza. Zile nguzo ndefu unazoziona zimetoka katikati ya mmea ndo milingoti, mkonge ukishatoa mlingoti umeaga, unakufa, watu wanachukua wanajengea mabanda.

Na kwasababu umesema huna haraka, ukiwa Kikokwe ujue umesimama wapi. Mkonge wote wa nchi hii ulianzia hapo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo 1000, yaani miche michanga ya mkonge, kutoka Florida, kwa meli vikafika vimekufa kufa, vilivyobaki vizima ni 62 tu, ndo vikapandwa hapo Kikokwe, wao wakiandika Kikogwe. Kutoka 62 mpaka tani kama 230,000 za singa, yaani nyuzi zake, mwaka 1964, tukiwa wa kwanza duniani. Na angalia mwaka, Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita ya kuwapinga Wajerumani, walimnyonga hapo Pangani mwezi wa 12 mwaka 1889. Hata miaka minne haijatimia mkonge ukaingia. Babu yangu alikuwa hajui kusoma lakini hilo alilijua, alikuwa anasema walimaliza kwanza watu ndo wakapanda.

Mie_wa_Kilifi

Hamjambo ndugu zetu wa upande huo wa mpaka. Mie niko Kilifi na nafanya hayo hayo unayotaka kufanya, kila nikipata Jumapili bila arusi. Nashuka Mnarani nashika njia za ndani hadi Takaungu, mkonge, minazi, mikorosho, vijumba vya makuti, kuku wanavuka na haraka zao. Naona pwani ni ile ile hata ukikata mpaka.

Nakuongezea mambo mawili. La kwanza, ukiona msitu mnene uliosimama peke yake katikati ya mashamba, miti mikubwa na watu hawajaukata ilhali wanahitaji kuni, jiulize kwa nini haujakatwa. Kwetu hizo ni kaya, misitu ya wazee wa Mijikenda, kadhaa ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008, na hata Kaya Kinondo kule Diani ambako wageni wanaruhusiwa wanafungwa kaniki kwanza ndipo wanaingia na mwenyeji. Kwenu sijui mwaziitaje lakini mibuyu yenye vitambaa vyekundu na vyeupe nimeiona hadi huko Tanga. Usikate njia hapo kati kwa sababu unaona kivuli. Zunguka.

La pili, usikaribishwe mnazi, ile pombe inayogemwa, saa tano asubuhi ukakubali. Mgema akikuona mgeni atataka uonje, ukionja utasifu, ukisifu utaongezewa, na safari yako itakuwa imeishia hapo, utaamka jioni umelazwa kwenye mkeka wa mtu usiyemjua na viatu vimepangwa vizuri kando. Nasema kwa ujuzi.

Raba_Nyeupe

Hahahaa viatu vimepangwa vizuri

Subira_Tupu

Samahanini naomba nichomekee. Kwa mwanamke je? Maana nyote mnaozungumza kutembea peke yenu ni wanaume isipokuwa binti, na yeye alikuwa mtoto anaenda kwa shangazi. Mimi nikisema naenda kupita mashambani peke yangu kupumzisha akili mama yangu ataita wazee.

Binti_wa_Ng'ambo

Dada nimeenda ukubwani pia, mwaka juzi, peke yangu, Bweni mpaka Mwera. Nikuambie ukweli, njia yenyewe haikunitisha, kilichonichosha ni huruma. Kila mama niliyemkuta ananihurumia. Mwanangu umeachwa? Umefiwa? Mume yuko wapi mbona hajakusindikiza? Mmoja akanilazimisha kukaa akanipikia chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha akisubiri nilie. Sikulia, nilikula mihogo. Mimi ninachofanya ni kutoka mapema, nafunga khanga yangu kiunoni na nyingine begani kama mtu anayekwenda shughulini, na niwe nimefika ninapofika kabla ya alasiri. Mahali palipokaa vijana wengi bila kazi napita na mama yeyote ninayemkuta, wapo kila mara, wanatoka shamba. Sio sawa na mwanaume, sikudanganyi. Ila inawezekana.

Begi_Mgongoni

Wakuu asanteni sana nimepata zaidi ya nilichoomba. Limebaki la kurudi kwa ufukweni.

Mzee_Kifuu

Angalia mwezi. Ukiwa mpevu au mwandamo ndo bamvua, maji yanakupwa sana, na kwa pwani yetu siku za bamvua kupwa kunaangukia kama saa nne asubuhi na tena saa nne usiku, kujaa saa kumi. Kwahiyo ukitoka Ushongo saa mbili una mchanga mgumu mpaka kama saa sita, unatembea kama kwenye zege. Ukienda siku za maji mafu huna kupwa kwa maana, utatembea kwenye mchanga laini juu juu na huo mgongo wako utanikumbuka. Kuna vijito vya mikoko, ukikuta maji yamepita kiuno subiri usijaribu, au ingia ndani ufuate njia ya watu. Na kwasababu ni kupwa utaona mbali huko baharini kipande cha mchanga mweupe, hiyo ni Maziwe. Mimi nimeiona ina miti. Sasa hakuna hata mmoja, maji yakijaa inafunikwa.

Begi_Mgongoni

NIMERUDI. Samahanini kwa kuchelewa, uzi ulikuwa umeshazama nimeutafuta.

Nilitoka Tanga saa kumi na mbili, saa mbili na nusu niko kwenye kivuko, huku naangalia lile daraja wanalojenga, mita 525 wanasema, likikamilika watu watapita hapo na gari bila hata kushusha kioo. Nikapanda kilima, nikageuka kama nilivyoagizwa, nikakaa juu pale labda robo saa. Jamaa wa boda alinipitia akaniangalia akatikisa kichwa. Nadhani ni yeye.

Sasa nikaanza. Nikasalimia kila mtu. Na kweli maneno ya binti, watu saba wa kwanza wote swali moja, unakwenda wapi baba? Nikajaribu kusema nafanya mazoezi ya mgongo, mzee mmoja akaniambia basi chukua jembe hili. Nikajaribu kusema naenda Mwera, Mwera kwa nani? Nikawa najisikia kama mwizi ambaye bado hajaiba.

Kikokwe nikakuta bibi kizee kakaa nje ya nyumba kwenye mkeka anapanga ukili wa kusukia mikeka, umeshatiwa rangi, zambarau na kijani na mwingine mwekundu unaowaka. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, wapi na jua hili? Nikachoka kudanganya, nikamwambia kila kitu, ofisi, mgongo, Raskazone, mpaka mbwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza "kwahiyo unafika Ushongo?" Nikasema ndio bibi. Akasema basi Mungu kakuleta, akaingia ndani akatoka na fungu la ukili kalifunga vizuri kwa kipande cha khanga, nimpelekee mdogo wake Ushongo, anasuka mkeka wa arusi na rangi zimemuishia, kila boda anayepita anataka hela.

Wakuu kuanzia hapo nilikuwa mtu mwingine. Unakwenda wapi? Napeleka ukili Ushongo kutoka kwa bibi wa Kikokwe. Aaah! Yule bibi hajambo? Miguu yake je? Pita hapa baba, usipite kule kuna tope. Watu waliniachia kazi zao wakanisindikiza mpaka njia panda. Nikakaa chini ya mkorosho wa mtu fungu likiwa mapajani, mwenyewe akaja, akaona ukili, akakaa na yeye. Alikuwa anafua nazi, kachomeka kifuo ardhini, anaipigilia nazi, anaikunja, mara tatu kumbi limeachia, anatupa kulia nazi kushoto kumbi, nimekaa pale sijui saa ngapi nikimwangalia, hatukuongea maneno hata ishirini. Nazi zinaangushwa kila baada ya miezi mitatu aliniambia, mkwezi kashapita juzi. Akanipa dafu. Nilisema dafu, Mzee Kifuu.

Chakula changu nilikula chini ya mkwaju mkubwa, ukwaju umekomaa umejiangukia wenyewe, nikanyonya mpaka meno yakafa ganzi. Ndege dudumizi akawa analia kwa chini, ile sauti ya maji yanayomiminika kwenye mtungi, mtoto mmoja mchunga mbuzi akaniambia mvua inakuja. Haikuja. Nikalala. Mimi ambaye nyumbani nalala kwa dawa nililala kwenye mizizi na begi kichwani mpaka siafu mmoja akaniamsha, nashukuru alikuwa mmoja.

Kwenye mkonge nikapotea ndio. Kama nusu saa tu. Nikakumbuka shavu, nikasimama, upepo uko mgongoni kabisa, nimegeuka bila kujua. Mtoto wa Kambi nakudai soda, au wewe ndo unanidai. Na nilipita zile barabara nikiwaza 62, maana unaangalia mistari inaishia kwenye macho huku kote na yote imetoka kwenye vile vilivyobaki.

Upupu haukunipata. Kifutu sikukutana naye. Nilikutana na mzee kwenye dungu anashinda kulinda mihogo yake, anasema usiku ni nguruwe mchana ni nyani, hajui analala lini. Tukapiga stori mrefu.

Nimefika Ushongo saa kumi na nusu. Bi mkubwa nikampata kwa kuuliza mara moja tu. Kufungua fungu akahesabu, akasema nyekundu kanipunja, kama kawaida yake. Hakuuliza mimi ni nani. Akaniuliza nimekula? Kesho yake kabla sijaondoka akanipa furushi la samaki wa kukaanga nimrudishie dada yake, kwahiyo ile safari ya ufukweni sikuifanya, nimerudi kwa njia ile ile ya mashamba, na bamvua lilikuwepo la kutosha niliangalia tarehe mwenyewe. Mgongo? Unauma, ila ni maumivu mengine.

Sasa nina shida. Yule mzee wa dungu naye kusikia naenda Ushongo alinituma maneno kwa fundi mmoja wa madau. Mwenye mikorosho alinituma salamu kwa shemeji yake. Na kuna mama wa Mwera pia. Nilipofika nilikuwa na maneno ya watu wanne kichwani, matatu nikayafikisha, ya mzee wa dungu yamepotea kabisa, na wakati wa kurudi nilipita kwake hayupo, dungu tupu. Najua lilikuwa na neno "mbao" na neno "Idi". Kama kuna mtu wa pande hizo anamjua yule fundi wa madau amuulize kama anasubiri kitu.

Binti_wa_Ng'ambo

Nimecheka mpaka nimelia. Mdogo mtu kila mwaka anasema kapunjwa nyekundu.

Mtoto_wa_Kambi

Soda unanidai wewe au nakudai mimi bado hatujaelewana. Ila ya mzee, Idi gani? Ndogo au kubwa?

Boda_Bweni_Stendi

Yule mzee namjua. Nimemuuliza leo asubuhi. Anasema fundi asikate mbao mpaka baada ya Idi, hela bado. Fundi kashakata. Anamtafuta mtu mwenye begi.